Kiti cha Kulia

Deolinda amenipangia maboksi matatu juu ya benchi,
kati ya jeki na kikombe cha kahawa iliyokauka.
"Chagua," anasema, "ila usichague kwa macho."

La kwanza ni springi fupi, nyekundu kama pilipili.
Zitalishusha gari sentimita tatu na nusu,
tairi ziingie ndani ya madigadi kama vifaranga chini ya mama,
na vijana wa kituo cha mafuta wageuze shingo.
"Huo ni uzuri wa gari lililosimama," anasema.
"Shokapu zako zina miaka kumi na tisa.
Utakuwa umemvisha mgonjwa viatu vya mbio."

La pili ni shokapu za kawaida, nyeusi, mpya,
na bushi nane za mpira zinazonukia duka.
Gari litarudi lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani.
Nani hulipa mshahara wa mwezi mzima
apewe alichokuwa nacho?

La tatu sikulishika.
Chuma chenye hesi toka juu hadi chini,
hupanda, hushuka, hukazwa kwa spana yake yenyewe,
na utosini kitufe cha kuzungusha:
milio thelathini toka ulaini hadi ugumu.
Bei niliisoma mara mbili, nikavua miwani.

Nikamweleza barabara ya kupanda Torre,
kona juu ya kona, mawe makubwa kama nyumba,
jinsi gari langu linavyoinamisha pua nikikanyaga breki,
na mkia haupati habari za kona
mpaka kona imekwisha.

Hakunijibu. Alifungua mlango wa kulia.
Kitini kulikuwa na mto wa buluu wa hospitali,
wenye tundu katikati.
"Na huyu?"

Huyu ni Otília. Mwezi wa pili walimfungua mgongo
wakamtia skrubu nne. Naye ana hesi sasa.
Tangu hapo, kwenye mawe ya mtaa wa viwanda vya sufu,
naendesha kama aliyepakia mayai;
yeye hutazama dirishani,
na kila shimo linaloniponyoka namwomba radhi.

Basi nikasema, la pili. La kawaida. Laini.
Nilisema kama mtu anayerudisha kitabu maktaba
kabla hajakimaliza.

Usiku nikamwambia. Alikuwa akikata jibini.
Kisu kikasimama.
"Umenichagulia?"
"Mgongo wako, Otília..."
"Mgongo ni wangu. Miezi saba mnanibeba
kama maziwa yanayopelekwa sokoni.
Mara ya mwisho nimecheka ndani ya gari lile
ilikuwa kona ya tisa, theluji inayeyuka,
na wewe umekosea gia."
Akampigia Deolinda simu mdomo umejaa jibini.

Jumamosi aliinama juu ya injini taratibu,
mkono mmoja umeshika bodi,
kama walivyomfundisha kuinama upya.
Akakizungusha kitufe mwenyewe, akihesabu.
Tano, nikasema, tano zinatosha.
Akafika kumi na moja.
Akafikiri. Akarudisha moja.
"Hiyo ya mjini," alisema. "Huko juu tutaongea tena."

Huko juu aliongeza sita.

Sitasema gari lilipaa. Lilikuwa gumu,
nilihisi kila kokoto kwenye meno,
na kijiko alichokisahau Deolinda mahali fulani
kilipiga kengele njia nzima.
Lakini pua ilibaki juu,
na kwenye kona ya tisa mkia ulijua mapema kuliko mimi.
Kisha tukagonga tuta lililoachwa na baridi,
zito, la kupandisha roho kooni.
Nikafungua kinywa niombe radhi.

Kiti cha kulia kilikuwa kinacheka.